Mwisho wa Mstari ni Mali ya Faili, si Mali ya Mashine

Kikundi kimoja cha wavuvi hapa Tanga kiliniomba niwaunganishie orodha mbili za vyombo vyao, moja ikiwa imepigwa chapa kwenye kompyuta ya steshenari moja ya Ngamiani, na nyingine ikiwa imeandikwa kwenye simu na katibu msaidizi akiwa ufukweni. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kuziweka orodha pamoja, kuzipanga kwa diko (mahali vyombo vya uvuvi vinapotia nanga na kushusha samaki), kufuta yaliyojirudia, kisha kuhesabu kila diko lina ngalawa ngapi na mashua ngapi. Nilitumia zana za kawaida za mfumo endeshi wa Linux, na kabla kahawa haijapoa nilikuwa na jibu mkononi. Jibu lilisema kwamba yako madiko kumi: Deep Sea mbili, Sahare mbili, Mwarongo mbili, Tongoni mbili na Kigombe mbili, na kwamba hakuna chombo hata kimoja kilichoandikwa katika orodha zote mbili. Mzee mwenyekiti aliitazama karatasi, akanitazama na mimi, akasema kwa upole, “Mwanangu, mimi nimezaliwa Sahare. Sahare ni moja.”

Mzee alikuwa sahihi na kompyuta nayo, kwa namna yake, ilikuwa sahihi. Nilipoiamuru inionyeshe kila jina la diko likiwa ndani ya mabano ya mraba, Sahare ya simu ilitokea kama ilivyotarajiwa, lakini Sahare ya steshenari ilitokea hivi: ]Sahare. Bano la kufungulia lilikuwa limetoweka na la kufungia limekalia nafasi yake. Jina la diko lilikuwa neno la mwisho katika kila mstari, na kwenye pindo la kila mstari wa faili la steshenari palikuwa na herufi moja isiyoonekana ambayo kazi yake ni kuirudisha kalamu mwanzo wa mstari. Kalamu ilirudi, bano la kufungia likaandikwa juu ya lile la kufungulia, na macho yangu yakaona jina lilelile ilhali zana zangu zilikuwa zikiona majina mawili. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kimejikunja ndani ya upindo kabisa.

Wenye fani huijua herufi hiyo kwa kifupi cha CR (carriage return), na mwenzake, ile ya kuteremkia mstari unaofuata, kwa kifupi cha LF (line feed). Katika msimbo wa ASCII, unaoipa kila herufi namba yake na uliotangazwa Marekani mwaka 1963, ya kwanza ni namba 13 na ya pili ni namba 10. Humu nitaziita “rudi” na “shuka”, kwa sababu hivyo ndivyo zilivyokuwa zikifanya kazi zilipokuwa bado ni amri kwa chuma na si alama ndani ya faili. Donald Murray, mtu wa New Zealand, aliziingiza katika msimbo wake wa simu za maandishi mwaka 1901, na teleprinta zilizofuata, yaani taipureta zinazoendeshwa kwa waya, zilizitii kila moja peke yake: rudi iliurudisha mtambo wa kuchapia upande wa kushoto bila kuigusa karatasi, na shuka iliipandisha karatasi mstari mmoja bila kuugusa mtambo. Aliyewahi kutumia taipureta anazikumbuka hatua hizi mbili kama tendo moja la mkono, kwa kuwa wenzo mmoja ulizifanya zote kwa pamoja, lakini teleprinta ilipokea amri kwa waya, herufi baada ya herufi. Teletype Model 33, ambayo ilikuja kuwa kinanda na printa ya kompyuta nyingi za miaka ya 1960 na 1970, ilichapa herufi 10 kwa sekunde, na safari ya mtambo kutoka kulia hadi kushoto haikuweza kumalizika katika muda wa herufi moja. Kwa hiyo rudi ilitangulizwa na shuka ikafuata, ili wakati karatasi inapanda mtambo uwe unamalizia safari yake. Mpangilio tunaougombania leo ulitokana na haja ya kukipa chuma muda wa kupumua.

Baada ya hapo kila ukoo wa mifumo endeshi ulichukua njia yake. Waliounda Multics katikati ya miaka ya 1960 waliona kwamba mambo ya mtambo na karatasi si ya kuhifadhiwa ndani ya faili, wakatumia shuka peke yake na kuiachia programu inayoendesha kifaa kazi ya kuongeza rudi pale tu printa inapoihitaji. Unix ikaurithi uamuzi huo mwaka 1969, na kutoka kwake ukaenda Linux na Android, ndiyo maana simu ya katibu msaidizi iliandika ilivyoandika. Gary Kildall, alipoiunda CP/M mwaka 1974 kwa ajili ya mashine ndogo zenye kumbukumbu finyu, aliziweka zote mbili ndani ya faili, ili faili liweze kumiminwa kwenye printa kama lilivyo. MS-DOS ya mwaka 1981 ilifuata nyayo za CP/M, na Windows ikafuata za MS-DOS. Macintosh ya mwaka 1984 ilichagua rudi peke yake, na ikakaa nayo mpaka Mac OS X ya mwaka 2001 ilipohamia katika ukoo wa Unix. Watu husema Tanga ni mji wa waja leo waondoka leo. Herufi ya rudi, ambayo chuma iliyokuwa ikikitumikia kimeshakuwa chakavu zamani, imekuja na haikuondoka.

Hadithi hii imesimuliwa mara nyingi, na kwa kawaida huishia katika kulaumiana: watu wa Linux huicheka Windows kwa kubeba mzigo wa teleprinta, na watu wa Windows hujibu kwamba wao ndio waliobaki waaminifu kwa maana ya asili ya herufi hizo. Ugomvi huo haunishughulishi sana, kwa sababu mafaili ya aina zote mbili yapo na yataendelea kuwapo. Kosa ninaloliona ni jingine. Ni ile dhana kwamba mwisho wa mstari ni tabia ya mashine unayoikalia, kama ilivyo rangi ya skrini au lugha ya kinanda, na kwa hiyo zana ina haki ya kuubadili mwisho huo kila faili linapovuka kutoka mashine moja hadi nyingine, kimya kimya, bila kuombwa. Mimi nashikilia kwamba mwisho wa mstari ni sehemu ya faili lenyewe, sawa na herufi nyingine zote zilizomo, na kwamba chombo chochote kinachougusa bila idhini kimebadili maandishi ya mtu.

Chimbuko la dhana hiyo ni lugha ya programu ya C, ambayo viwango vyake vinaruhusu faili kufunguliwa kwa namna mbili, kama maandishi au kama baiti ghafi, yaani namba zilizomo ndani ya faili zilivyo. Katika Windows, faili likifunguliwa kama maandishi, kila jozi ya rudi na shuka hugeuzwa kuwa shuka moja wakati wa kusoma, na kila shuka hurudishiwa mwenzake wakati wa kuandika. Mwandishi wa programu alitakiwa afaidike kwa kutojua tofauti hiyo, na kwa muda kidogo hufaidika kweli. Kisha siku moja programu yake, ambayo tayari inaandika rudi na shuka kwa mkono, inafungua faili kwa njia ya maandishi, na kila mstari unatoka ukiwa na rudi mbili na shuka moja, hali ambayo yeye mwenyewe hakuikusudia. Wanaoandika mafaili ya CSV (majedwali ya maandishi matupu) kwa lugha ya programu ya Python katika Windows wanaijua hali hii kwa sura nyingine: wakisahau kuiambia lugha isiguse miisho ya mistari, jedwali likifunguliwa linaonyesha safu tupu baada ya kila safu yenye maandishi. Lipo na jambo la ajabu zaidi, kwamba katika C ya Windows herufi namba 26 ikitokea katikati ya faili lililofunguliwa kama maandishi, usomaji hukoma hapo hapo kana kwamba faili limekwisha, kwa sababu CP/M ilihesabu ukubwa wa faili kwa mafungu ya baiti 128 na ilihitaji alama ya kuonyesha maandishi yanaishia wapi ndani ya fungu la mwisho.

Uharibifu huu ulikuwa wa kawaida kiasi kwamba waliobuni umbo la picha la PNG, lililokubaliwa rasmi mwaka 1996, waliuwekea mtego. Kila picha ya PNG huanza na baiti nane: 137, kisha herufi tatu za jina lenyewe, kisha 13, 10, 26 na 10. Baiti ya kwanza hugundua njia za mawasiliano zinazokata biti (tarakimu ya 0 au 1) ya nane ya kila baiti. Jozi ya 13 na 10 huvunjika ikiwa kuna chombo kilichogeuza rudi na shuka kuwa shuka peke yake; ile 10 ya mwisho, iliyosimama bila mwenzake, huvunjika ikiwa kuna chombo kilichofanya kinyume chake; na 26 iliyo katikati huizuia MS-DOS isimimine takataka kwenye skrini mtu anapolionyesha faili hilo kama maandishi. Sijui kama kuna ushahidi mzito zaidi dhidi ya ugeuzaji wa kimya kuliko huu, kwamba wahandisi wa picha, ambao hawana mistari wala maneno, walilazimika kutumia nusu ya saini ya faili lao kujilinda dhidi ya zana za maandishi.

Git, programu ya kutunza kodi (maandishi ya programu) pamoja na historia ya mabadiliko yake, ambayo ilianza mwaka 2005 na leo ndiyo hutunza kodi nyingi duniani, imeyabeba mafundisho yote mawili, baya na zuri, katika programu moja. Baya ni mpangilio unaoitwa core.autocrlf, ambao hukaa kwenye mashine ya mtu na kuamua kugeuza miisho ya mistari kulingana na matakwa ya mashine hiyo. Watu watatu wanaofanya kazi moja wakiwa na mipangilio mitatu tofauti, mmoja wao atakuja kubadili neno moja katika faili la mistari elfu mbili, na Git itaripoti kwamba mistari yote elfu mbili imebadilika, na historia ya nani aliandika nini itafunikwa na jina lake. Zuri ni faili dogo la .gitattributes, ambalo hukaa pamoja na kodi, husafiri nayo, na hutamka kwa maandishi kwamba mafaili ya aina hii yana shuka peke yake, yale ya amri za Windows yana rudi na shuka, na zile ni picha zisiguswe. Tofauti kati ya mipangilio hii miwili ni ya mahali kanuni inapokaa, na ndiyo hoja yangu yote: kanuni ikikaa na mashine hugombana na kanuni za mashine nyingine, na ikikaa na faili huwa ni moja kwa kila mtu.

Katika pwani hii tunaujua mfano wa zamani zaidi kuliko kompyuta. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kipande kina mizani nane, vitatu vya mwanzo vikifunga kwa kina kimoja na cha nne kikifunga kwa kina cha bahari kinachoendelea utenzi mzima. Katika miswada mingi ya hati za Kiarabu, vipande vyote vinne viliandikwa mfululizo katika mstari mmoja wa karatasi, vikitengwa kwa alama ndogo, na katika vitabu vya hati za Kirumi vipande hivyo hivyo hushushwa kila kimoja mstari wake. Mnakili aliyekosa nafasi ukingoni hakuwa na ruhusa ya kuhamisha kina ili kitoshee karatasi yake. Mwisho wa kipande ulikuwa umo ndani ya utungo, na karatasi ilitakiwa kuufuata. Mfano huu haulingani na faili kwa kila hali, kwa kuwa kina husikika na rudi haionekani wala haisikiki, lakini mnakili wa Pangani au wa Bagamoyo angeielewa hoja haraka kuliko walioandika maktaba za programu za C.

Anayepinga atasema kwamba ninaongea kama fundi, na kwamba binti wa steshenari ana wateja wanaosubiri barua zao za maombi na hapaswi kuijua herufi namba 13 kama vile dereva wa daladala asivyopaswa kujua mchanganyiko wa chuma cha injini. Pingamizi hili ni la haki. Nilipomweleza yule binti kilichotokea, alinijibu kwamba yeye alibonyeza kitufe kimoja tu kila mwisho wa mstari, na hakukosea. Lakini kutoka hapo haifuati kwamba ugeuzaji wa kimya ndio unaomsaidia. Kinachomsaidia ni zana inayosoma aina zote na kuacha kila faili lilivyo. Kwa miaka mingi Notepad, kihariri cha maandishi cha Windows, haikuweza hata hilo: ilifungua faili lenye shuka peke yake na kulionyesha kama utepe mmoja mrefu usiokatika, mpaka mwaka 2018 Microsoft ilipoirekebisha ikaanza kuzitambua aina zote tatu na kuhifadhi faili kwa aina ile ile lililokuja nayo. Marekebisho hayo yalimwacha mtumiaji bila la kujifunza, na hayakubadili baiti hata moja ambayo mwenyewe hakuigusa.

Hapa lazima nijiwekee mpaka, kwa sababu ukarimu wa kusoma kila kitu una mahali pake. Itifaki za intaneti, yaani kanuni za mashine kuzungumza, kama zile za barua pepe hudai rudi na shuka kwa pamoja, hata kama mashine zote mbili zinazozungumza ni za Linux, na kwa kufanya hivyo zinathibitisha kwamba kanuni ni ya umbo na si ya mashine. Barua pepe huhitimishwa kwa nukta moja iliyosimama peke yake katika mstari wake. Mwezi Desemba 2023 watafiti wa usalama wa kampuni ya SEC Consult walionyesha kwamba baadhi ya seva zilikuwa zikikubali nukta hiyo hata ikizungukwa na shuka zisizo na rudi, wakati seva nyingine zilikuwa zikiyapitisha maandishi hayo kama sehemu ya kawaida ya barua. Seva ya kutuma ikiona barua moja na ya kupokea ikiona mbili, mhalifu anaweza kuificha barua ya pili ndani ya ya kwanza na kuifanya ionekane imetoka kwa mtu wa kuaminika. Programu maarufu za seva zikalazimika kurekebishwa. Kwa hiyo nasema hivi: pale ambapo faili ni la mtu, zana ikubali kila aina na kuiheshimu, pale ambapo maandishi ni makubaliano kati ya mashine mbili zisizojuana, zana ikatae kila kisicholingana na makubaliano, bila kukisia.

Lililobaki ni la ufundi, na si gumu. Zana inayosoma mistari ili ihesabu au ipange iondoe rudi iliyo mbele ya shuka kabla ya kulinganisha neno lolote, na hilo peke yake lingeniepusha na madiko kumi. Zana inayohariri ikumbuke kila mstari uliishaje na kuuandika ulivyokuwa. Python imekuwa ikizisoma aina zote tatu tangu toleo la 2.3 la mwaka 2003, na huweka kumbukumbu ya aina ilizokutana nazo, lakini wakati wa kuandika hurudi kwenye desturi ya mashine isipoambiwa vingine, na wachache mno huiuliza kumbukumbu hiyo. Zana inayokuta mchanganyiko iseme. Kihariri cha Vim hufanya vizuri hapa: ikiona mistari yote inaishia kwa rudi na shuka huificha rudi, na ikikuta mstari mmoja tu usio nayo huacha kuficha, na rudi za mistari mingine zote huchomoza kama alama ya ^M, mbaya machoni na ya kweli. Fundi aliyewahi kuandika skripti ya seva kwenye Windows, akaambiwa na Linux kwamba programu iliyotajwa katika mstari wa kwanza haipo ingawa ipo mbele ya macho yake, anajua thamani ya kuonyeshwa ^M mapema. Linux ilikuwa ikiitafuta programu ambayo jina lake linaishia kwa rudi, na kweli programu hiyo haipo.

Orodha ya wavuvi niliirekebisha kwa amri moja ya kufuta rudi, na madiko yakawa matano. Nilipozibandika orodha upya, safari hii ya steshenari ikitangulia, likatokea la sita, lenye jina la KigombeSahare. Kiwango cha Unix hufafanua mstari kuwa ni herufi zinazomalizikia kwa shuka, yaani shuka ni kifungo cha mstari na si ukuta kati ya mistari miwili, ilhali vihariri vingi humwachia mtu mstari wa mwisho bila kifungo, na binti wa steshenari hakuwa na sababu ya kubonyeza kitufe baada ya jina la mwisho. Orodha yake iliishia kwa Kigombe, ya simu ikaanza na Sahare, kwa kuwa katibu msaidizi alikuwa akiliandika jina la diko juu pia kama kichwa cha habari. Niliongeza shuka moja mwishoni mwa orodha ya kwanza, nikahesabu tena, nikampelekea mzee karatasi mpya. Aliisoma jina kwa jina, akaniuliza kwa nini Mwarongo imepungukiwa ngalawa moja, na hilo, kwa bahati nzuri, lilikuwa kosa la mtu.